Maudhui Yasiyohesabiwa kuwa Msimbo: Hitilafu ya Kihisi cha Falcon ya Julai 2024 na Urejeshaji wa Kompyuta Zilizoathirika

1.0 Utangulizi

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Kimarekani ya CrowdStrike ilituma faili moja ndogo kwenye kompyuta za wateja wake zinazotumia mfumo endeshi wa Windows. Saa 2 na dakika 27 faili hiyo iliondolewa na nyingine iliyo salama ikawekwa mahali pake. Dakika 78 zilizopita baina ya matukio hayo mawili zilitosha kuangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa mujibu wa makadirio ya Microsoft, ambayo yenyewe iliharakisha kuongeza kwamba idadi hiyo haifiki asilimia moja ya kompyuta zote za Windows duniani.

Kauli hiyo ya Microsoft ni ya kweli, lakini inapotosha kidogo. Asilimia inayozungumziwa haikutawanyika sawasawa. Programu ya Falcon huuzwa kwa mashirika, si kwa watu binafsi, kwa hiyo kompyuta zilizoanguka ndizo zilizokuwa kwenye kaunta za viwanja vya ndege, katika vyumba vya kupokea simu za dharura, katika benki na hospitali. Huko Kiel na Lübeck, nchini Ujerumani, hospitali ya chuo kikuu iliahirisha upasuaji usio wa dharura. Nchini Uingereza, kituo cha televisheni cha Sky News kilitoka hewani kwa muda, na zahanati nyingi za madaktari wa familia zilishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa. Nchini India, abiria waliandikiwa hati za kupandia ndege kwa kalamu.

Katika saa za kwanza wengi walidhani kwamba dunia imeshambuliwa na wahalifu wa mtandao. Wengine walilichanganya tukio hilo na hitilafu tofauti kabisa iliyotokea usiku wa kuamkia siku hiyo katika huduma ya wingu ya Microsoft, eneo la kati la Marekani. Makala haya yanaeleza kilichotokea ndani ya kompyuta zenyewe, yanachunguza sababu iliyofanya faili yenye kasoro ipite vizuizi vyote, kisha yanaangalia kazi ya urejeshaji, ambayo kwa maoni yanayotetewa hapa ndiyo sehemu iliyojadiliwa kwa uchache kuliko uzito wake.

2.0 Mlinzi aliye ndani ya kiini

Mfumo endeshi wa Windows hugawa kazi za kompyuta katika ngazi mbili. Ngazi ya mtumiaji ndiyo wanamokaa waandishi wa matini, vivinjari na programu nyingine za kawaida. Programu ya ngazi hiyo ikikosea, hufungwa peke yake na kompyuta huendelea na kazi. Ngazi ya pili ni kiini. Humo mna programu zinazosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine, na humo hakuna ukuta unaomtenga mmoja na mwenzake. Programu ya kiini ikisoma mahali pasipostahili, mfumo hauna njia ya kujua kama uharibifu umeishia hapo au umekwisha kusambaa. Kwa hiyo husimamisha kila kitu na kuonyesha skrini ya buluu. Watu wengi huichukia skrini hiyo bila kujua kwamba kazi yake ni kinga: kompyuta inakataa kuendelea kuandika kwenye diski ilhali haiziamini tena taarifa zilizo katika kumbukumbu yake.

Watengenezaji wa programu za usalama wamekuwa wakidai nafasi ndani ya kiini kwa hoja zenye nguvu. Mhalifu anayefanikiwa kuingia kwenye kiini anaweza kumzima mlinzi yeyote aliye nje. Aidha, mlinzi anapaswa kuamka mapema, kabla ya programu nyingine kuanza, ili asikute mlango umekwisha kuvunjwa. Ndiyo maana kihisi cha Falcon kilisajiliwa kama programu kiendeshi inayopakiwa mwanzoni kabisa mwa kuwashwa kwa kompyuta. Hoja hiyohiyo ya kuamka mapema ndiyo iliyogeuka kuwa msiba siku ya tukio, kama itakavyoonekana.

3.0 Nafasi ya ishirini na moja

Kihisi cha Falcon hupokea masasisho ya namna mbili. Namna ya kwanza ni toleo jipya la kihisi chenyewe, yaani msimbo. Toleo la aina hii hujaribiwa kwa muda mrefu, na mteja ana haki ya kuchagua kubaki nyuma kwa toleo moja au mawili ili wengine watangulie kuonja. Namna ya pili ni ile ambayo kampuni huiita maudhui ya mwitikio wa haraka. Hii ni faili ya data inayokieleza kihisi ni mienendo gani mipya ya wahalifu ya kutazamwa. Faili hizo hutumwa mara kwa mara, hata mara kadhaa kwa siku, na hazikuwa chini ya uchaguzi wa mteja.

Mnamo Februari 2024, toleo la 7.11 la kihisi lilileta kiolezo kipya cha kutambua matumizi mabaya ya mabomba yenye majina, njia ambayo programu mbili za Windows huitumia kuwasiliana. Kiolezo hicho kilifafanuliwa kuwa na nafasi 21 za vigezo. Hata hivyo, sehemu ya msimbo iliyopaswa kukiletea kiolezo thamani za kulinganisha ilileta thamani 20 tu. Kasoro hiyo ilikaa ndani ya mamilioni ya kompyuta kwa miezi bila kudhuru kitu. Sababu ni kwamba faili zilizotumwa kati ya Machi na Aprili ziliacha nafasi ya mwisho wazi, yaani ziliweka alama inayokubali thamani yoyote. Pale ambapo jibu lolote linakubalika, kihisi hakina haja ya kutazama, na kwa kuwa hakikutazama hakikugundua kwamba palikuwa patupu.

Tarehe 19 Julai zilitumwa kanuni mbili mpya za kiolezo hicho katika faili ya mkondo namba 291. Mojawapo iliweka sharti mahususi katika nafasi ya 21. Kwa mara ya kwanza kihisi kililazimika kuifikia thamani ya nafasi hiyo. Katika orodha ya viashiria 20, kilisoma kile kilichokuwa baada ya cha mwisho, kikachukua mabaki ya kumbukumbu yasiyohusika na kuyatumia kana kwamba ni anwani. Anwani hiyo ilielekeza mahali ambapo hapakuwa na kitu halali. Kwa kuwa yote haya yalifanyika ndani ya kiini, Windows ilisimama papo hapo.

Inafaa kutazama idadi ya vizuizi vilivyoshindwa. Kulikuwa na programu ya kuthibitisha maudhui kabla ya kutumwa, lakini nayo iliandikwa kwa kudhani kwamba thamani 21 zingeletwa, kwa hiyo iliikubali faili. Majaribio yaliyofanywa Machi yalikuwa ya kweli na kiolezo kikafaulu, lakini yalitumia kanuni zilizoacha nafasi ya mwisho wazi. Kitengo cha kufasiri maudhui ndani ya kihisi hakikuhesabu urefu wa orodha kabla ya kusoma, hatua ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa upangaji programu hufundishwa. Ripoti ya kina ya chanzo cha tukio, ambayo CrowdStrike yenyewe ilichapisha Agosti 2024, inakiri haya yote kwa uwazi unaostahili kupongezwa.

4.0 Swali la jina

Hata hivyo, orodha ya vizuizi vilivyoshindwa haijibu swali lililo chini yake: kwa nini faili hiyo ilitumwa kwa kila mteja kwa wakati mmoja? Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kutoa masasisho hatua kwa hatua, kuanzia kwenye kompyuta zake yenyewe hadi kwa kundi dogo la wateja na mwishowe kwa wote. Utaratibu huo ulikuwa wa msimbo. Faili ya mkondo 291 haikuitwa msimbo, iliitwa maudhui. Jina lake huishia kwa viambishi vya faili za viendeshi, lakini kampuni ilisisitiza, na ilisema kweli, kwamba hicho si kiendeshi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala haya. Tofauti baina ya data na msimbo ni ya kiutawala zaidi kuliko ya kiasili. Faili inayosomwa na kifasiri na kuamua kifasiri kifanye nini inatenda kazi ya msimbo, hata kama imeandikwa kwa umbo la jedwali. Mpishi anayebadilisha maandishi ya kichocheo cha mapishi hajagusa jiko, lakini chakula kitakachopakuliwa si kilekile. Kwa kuipa faili jina la maudhui, kampuni iliitoa katika mlolongo mzima wa majaribio, idhini na utoaji wa hatua kwa hatua. Uamuzi huo haukuwa uzembe wa mfanyakazi mmoja aliyechoka. Ulikuwa sera, na sera hiyo ilikuwa na sababu: wahalifu hubadilisha mbinu kwa saa, na mteja anayelindwa wiki mbili baadaye hajalindwa. Mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Marekani, tarehe 24 Septemba 2024, Adam Meyers, mmoja wa viongozi waandamizi wa kampuni hiyo, aliomba radhi na kueleza kwamba maudhui hayo sasa yanatendewa kama msimbo, kwa maana ya kujaribiwa ndani kwanza na kutolewa kwa awamu.

Mvutano kati ya haraka na uangalifu haujaisha kwa mabadiliko hayo. Umehamia tu mahali pengine: mteja sasa anaweza kuchagua kupokea maudhui mapema au kwa kuchelewa, na anayechagua kuchelewa anabeba hatari ya kushambuliwa kwa mbinu ambayo jirani yake tayari amekingwa nayo.

5.0 Kurejesha kompyuta, mkono kwa mkono

Mtumiaji wa Kiswahili akiona kompyuta yake imekwama husema imeganda au imestaki. Maneno hayo hayaelezi hali ya siku ile. Kompyuta hazikuganda, zilianguka, zikajiwasha zenyewe, zikapakia kihisi, kihisi kikasoma faili iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye diski, zikaanguka tena. Mzunguko huo ungeweza kuendelea siku nzima. Kuondolewa kwa faili mbovu kwenye seva za kampuni kuliwaokoa wale ambao kompyuta zao zilikuwa zimezimwa wakati wa zile dakika 78. Kwa waliokwisha kuipokea, marekebisho yalikuwa yakingoja upande wa pili wa mtandao ambao kompyuta haikudumu hai kwa muda wa kutosha kuufikia.

Haikudumu, ila mara chache. Baina ya kupakiwa kwa kihisi na kuanguka kwa mfumo palikuwa na upenyo mdogo, na kompyuta iliyopata mtandao kwa kasi iliweza kupakua faili mpya kabla ya kuisoma ile ya zamani. Ndiyo maana ushauri wa kuwasha upya mara nyingi, ambao ulionekana kama mzaha, ulikuwa na msingi wa kiufundi. Kwa mashine pepe za huduma yake ya wingu, Microsoft ilitaja hata mara 15. CrowdStrike nayo ilishauri kompyuta ziunganishwe kwa waya badala ya mtandao usio na waya, kwa kuwa muunganisho wa waya hukamilika mapema.

Pale ambapo bahati haikusaidia, ilibidi mtu aende. Utaratibu wenyewe ulikuwa mfupi. Fundi aliiwasha kompyuta katika hali salama, ambamo Windows hupakia viendeshi vya lazima tu na kihisi hakiamki. Kisha alifungua folda ya viendeshi ya CrowdStrike, akafuta kila faili ambayo jina lake linaanza kwa C-00000291, akaiwasha kompyuta upya. Aliyetaka kuhakikisha alitazama saa ya faili: ya 04:09 kwa saa za ulimwengu ilikuwa mbovu, ya 05:27 au baadaye ilikuwa nzima. Kwa kompyuta moja, kazi hii ni ya dakika chache. Kwa shirika lenye kompyuta elfu kumi katika matawi mia moja, ni kazi ya siku nyingi, kwa kuwa hakuna amri ya mbali inayoweza kuifikia kompyuta isiyowaka.

Kizuizi kigumu zaidi hakikutokana na CrowdStrike kabisa. Mashirika yanayojali usalama husimba diski zao kwa fiche, kwa kawaida kwa kutumia BitLocker. Mara nyingi diski iliyosimbwa haiguswi katika hali salama wala katika mazingira ya urejeshaji bila kuingiza ufunguo wa tarakimu 48. Funguo hizo zilihifadhiwa mahali panapostahili: kwenye seva ya shirika. Seva hiyo nayo, mara kadhaa, ilikuwa kompyuta ya Windows yenye kihisi cha Falcon, imeanguka kama wenzake. Aliyekuwa na nakala ya funguo nje ya mfumo, hata katika karatasi iliyofungiwa kabatini, alitangulia. Ambaye hakuwa nayo alilazimika kwanza kuifufua seva ya funguo, na ikiwa diski ya seva hiyo nayo ilisimbwa, alikuwa ameufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba.

Ubunifu haukukosekana. Kampuni moja ya uhasibu huko Australia ilizigeuza funguo kuwa misimbopau na kuzisoma kwa kifaa cha dukani, ili mafundi wasichape tarakimu 48 kwa vidole na kuzikosea. Kwa upande wa mashine pepe, wasimamizi waliitenga diski ya mashine iliyoanguka, wakaiunganisha kwenye mashine nzima kama diski ya ziada, wakafuta faili, kisha wakairudisha. Microsoft ilitoa zana ya kuwekwa kwenye flashi iliyofanya hatua hizo yenyewe, ingawa bado mtu alipaswa kuichomeka.

Wahalifu hawakulala pia. Ndani ya siku chache ilisambazwa faili iliyojifanya kuwa marekebisho ya dharura ya CrowdStrike, ikiwalenga wateja wanaozungumza Kihispania wa Amerika ya Kilatini, na ndani yake mlikuwa na programu ya kumkabidhi mhalifu udhibiti wa kompyuta. Mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani ilitoa tahadhari. Mafundi wenye haraka, wasiolala, wanaotafuta suluhisho popote, ndio windo bora la udanganyifu wa namna hiyo.

Kufikia tarehe 25 Julai, kiongozi wa CrowdStrike George Kurtz alitangaza kwamba zaidi ya asilimia 97 ya vihisi vya Windows vimerudi kazini. Takwimu hiyo huhesabu kompyuta. Haihesabu mlundikano wa kazi uliokuwa ukingoja nyuma yake.

6.0 Mfano wa mwaka 2010

Tukio hili lilikuwa na mtangulizi. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho namba 5958 la programu ya McAfee liliitambua faili halali ya Windows XP, svchost.exe, kuwa kirusi, na kuifungia. Kompyuta zilizoathirika zilijiwasha upya mara kwa mara au kupoteza mtandao, kwa hiyo sasisho la kusahihisha halikuweza kuzifikia, na mafundi wakazunguka meza hadi meza. Hakukuwa na hitilafu ya kiini wakati huo. Mlinzi alimkamata mwenye nyumba tu. Lakini umbo la tatizo ni lilelile: kosa linasambazwa kwa sekunde na mtandao, na linaondolewa kwa mikono ya watu. Mkuu wa teknolojia wa McAfee mwaka huo alikuwa Kurtz huyohuyo, jambo ambalo vyombo vya habari vililishika kwa furaha mwaka 2024, ingawa halithibitishi chochote kuhusu chanzo cha hitilafu ya pili.

7.0 Nani alipe

Kampuni ya Parametrix ilikadiria kwamba kampuni 500 kubwa za Marekani, bila kuhesabu Microsoft, zilipata hasara ya moja kwa moja ya dola bilioni 5.4. Shirika la ndege la Delta lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano na kutaja hasara ya dola milioni 500. Lilifungua kesi katika jimbo la Georgia mnamo Oktoba 2024. CrowdStrike ilijibu kwamba mashirika mengine ya ndege yalirudi kazini mapema zaidi, na kwamba mkataba unaweka kikomo cha dhamana kisichozidi dola milioni chache. Washirika wa kampuni waliotaabika wikendi ile walitumiwa vocha za chakula za dola 10, na baadhi ya vocha hizo zilikataliwa kwa kushukiwa kuwa za ulaghai.

Kikomo cha dhamana si jambo la pembeni. Mkataba wa programu ya usalama humpa muuzaji ruhusa ya kuingia kwenye kiini cha kila kompyuta ya mteja na kubadilisha mwenendo wake saa yoyote, kisha huweka kikomo kwenye uwajibikaji wake. Delta ina mawakili wa kulipinga hilo mahakamani. Hospitali ya wilaya au halmashauri iliyonunua programu ileile kwa masharti yaleyale haina.

8.0 Kumtoa mlinzi nje

Apple ilianza kuwahamisha watengenezaji wa programu za usalama nje ya kiini mwaka 2019, kwa kuwapa njia rasmi ya kutazama matukio kutoka ngazi ya mtumiaji. Microsoft haikufanya hivyo, na msemaji wake alitaja ahadi ambayo kampuni iliitoa kwa Tume ya Ulaya mwaka 2009, ya kuwapa washindani fursa sawa na zake. Maelezo hayo yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Ahadi hiyo ilihusu usawa. Haikusema usawa lazima upatikane ndani ya kiini. Microsoft ingeweza kuutimiza kwa kuitoa nje pia programu yake yenyewe ya ulinzi.

Mnamo Septemba 2024 Microsoft iliwakusanya watengenezaji wa programu za usalama makao makuu yake Redmond, na mwezi Novemba ikatangaza mpango wa uthabiti wa Windows, ambao una pande mbili zinazohusika hapa. Upande wa kwanza ni jukwaa litakaloruhusu programu za usalama kufanya kazi nje ya kiini. Baadhi ya watengenezaji walilipokea kwa mashaka yanayoeleweka, kwa kuwa jukwaa hilo linamilikiwa na kampuni ambayo pia ni mshindani wao. Upande wa pili ni urejeshaji wa haraka: kompyuta inayoshindwa kuwaka mara kwa mara itaingia yenyewe katika mazingira ya urejeshaji, itafuta mtandao, na kupokea marekebisho bila fundi kuigusa.

Upande huu wa pili ndio unaogusa moja kwa moja mafundi wa Julai 2024, na unategemea mambo mawili ambayo hayako mikononi mwa Microsoft. Kompyuta lazima iweze kuupata mtandao kutoka mazingira ya urejeshaji, jambo lililo rahisi kwenye waya wa ofisi na gumu kwenye mtandao usio na waya unaodai cheti cha shirika. Na kinachotumwa kwa njia hiyo ni sasisho, lenye nguvu ya kubadilisha kompyuta nyingi kwa mara moja, ambalo nalo lazima lijaribiwe na kutolewa kwa awamu.